Kiti, si Koti

Tarehe 4 Februari

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama una mafua basi yawe yale ya kawaida ya huko kwenye baridi. Sisi hatujambo. Mama hajambo pia, magoti ndiyo yanamgomea asubuhi, ila mdomo ni mzima kabisa. Anauliza kama bado unafua mashuka ya hoteli au wamekupandisha cheo ukafue mapazia. Nimeandika alivyosema, usinilaumu mimi.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa, sawa" mpaka salio linaisha. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Maji ya mfereji yameingia tena chumbani kwa Mama. Mfereji ni ule ule ulio mbele ya duka langu, uliobomoka ukuta tangu hujaondoka. Nilimkuta kakaa kitandani kapandisha miguu, viatu mkononi, anasubiri yapungue. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Unakumbuka nilianza kulia na mfereji huu tangu enzi za diwani Mrefu. Alipokufa yeye nikaenda kwa Bucha, yule muuza nyama aliyeshika udiwani baada yake. Baada ya Bucha nikaenda kwa Mwalimu. Watu watatu wasiofanana hata kucha, na wote wamenijibu neno moja: kikohozi kidogo, mkono unashika ukosi wa koti, kisha "Suala lako tumelipokea, mama." Hata Mwalimu, ambaye nilimshonea sare za shule akiwa mtoto, aliniita mama kana kwamba hajawahi kuniona.

Mwalimu naye amefariki mwezi uliopita. Amefia kikaoni, amekaa, wenzake wakadhani anasikiliza. Mjane wake ameniletea lile koti jeusi ambalo Mrefu aliniagiza nimshonee akafa kabla hajalichukua. Bucha alilivaa, Mwalimu akalivaa, sasa limerudi kwenye msumari wake hapa dukani. Mjane alisema, "Chukua, dada, hili si la kwetu."

Basi nimekaa nikafikiri, na usinicheke. Nimechoka kuomba. Nimeamua kuchukua kiti. Majirani wote wameniunga mkono, wanasema hakuna anayestahili kiti kuliko mimi. Niambie unaonaje.

Mdogo wako

*

Tarehe 1 Machi

Kwako Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imenikuta mzima, mafua yapo lakini tumezoeana. Mwambie Mama mapazia yana idara yake na hawachukui watu wanaocheka kazini.

Nimesikitika kuhusu maji, na kuhusu Mwalimu. Mungu amweke pema.

Sasa kuhusu koti. Chukua, kuna ubaya gani? Umelishona mwenyewe, na wote waliolivaa hawalihitaji tena. Kilichonishangaza ni majirani. Tangu lini mtu akitaka kuvaa koti mtaa mzima unakaa kikao na kumuunga mkono? Huko kwenu hakuna kazi? Na eti "hakuna anayestahili koti kuliko mimi." Nimesoma mara mbili nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimevuta sabuni.

Ila kwa kuwa ni la marehemu, nisikilize mimi niliye mtaalamu. Loweka kwenye maji yenye siki mpaka kesho yake, suuza, kisha lianike kivulini. Usilianike juani, kitambaa cheusi hupauka mabegani.

Na mtafuteni mtu mwenye meno agombee hicho kiti cha Mwalimu. Wewe mwenyewe ungefaa, ungewatoboa wote kwa sindano.

Kaka yako

*

Tarehe 20 Machi

Kwako Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, tunakuombea na wewe uzima wa macho.

Kiti, kaka. KITI. Nagombea udiwani. Nilidhani umepoteza akili huko, kisha nikakumbuka mwandiko wangu. Toka shuleni unasema i zangu zina matumbo na o zangu zina njaa. Nimewasomea majirani barua yako na sasa wananiita Mheshimiwa Koti. Muuza mkaa, shoga yangu, ndiye anayeongoza uchokozi.

Nimeshachukua fomu, nimeshairudisha na saini za wadhamini. Uchaguzi ni katikati ya Juni. Nikipata, neno la kwanza nitakalosema kwenye baraza la jiji ni "mfereji", na la pili ni "mfereji", mpaka wauchimbe ili nikae kimya. Sina sera nyingine na watu wanaipenda hiyo moja.

Mama peke yake hakucheka. Nilipofika pale ulipokosea akaniambia nirudie. Akasema, "Kakako kasoma vizuri kuliko ulivyoandika." Akaniuliza kama najua kiti ni nini. Nikamwambia Mama, kiti si kiti tu. Akasema, "Zamani tukisema fulani ni kiti, hatukusema cheo. Tulisema mtu anayepandwa na pepo. Wewe unadhani utakwenda kukaa, mwanangu. Kiti hakikai. Kiti hukaliwa."

Nikamwambia hayo ni ya zamani. Akageukia ukutani.

Lakini kaka, tangu siku ile nimekuwa nikiliangalia lile koti. Mrefu alikuwa mlingoti wa mtu, unamkumbuka, mabega membamba na mikono mirefu. Nililikata kwa vipimo vyake. Bucha alipoanza udiwani alilijaribu dukani kwa mzaha, tumbo likakataa kabisa, tukacheka sote. Mwaka uliofuata akaja akalivaa, likafunga vifungo vyote. Nikadhani amekonda kwa mawazo. Mtu hukonda tumbo, sawa, lakini mikono hurefuka? Na Mwalimu alikuwa mfupi kunizidi mimi. Yeye naye lilimkaa. Mimi ndiye ninayeshona mtaa huu na sikuwahi kuliongeza wala kulipunguza hata uzi mmoja.

Leo nimelijaribu. Limenimeza. Mikono inafunika vidole, mabega yananing'inia. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kukueleza, nikalirudisha kwenye msumari na kuendelea na sare za watu.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Aprili

Kwako Mdogo wangu, Mheshimiwa Koti,

Marahaba. Mimi mzima. Nimekununulia kalamu yenye ncha nyembamba, labda i zako zitapungua mwili.

Kwanza, hongera. Nimelisoma jambo hili kwa furaha ambayo sikuitegemea. Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kudai mpira kwa majirani wakati sisi wanaume tumejificha nyuma ya ukuta. Simama. Mtaa ule umekosa mtu asiyeona haya kusema neno moja mara mia. Mama ni mtu mzima, anaogopa kukupoteza kwenye vikao, na wazee wakiogopa huvaa hofu yao nguo za zamani.

Kuhusu koti, mimi nafua nguo za watu kila siku ya Mungu. Nguo hunyooka, hulegea, hurudi. Sitaki kusikia mambo ya mikono kurefuka.

Lakini nifanyie hisani moja. Usilijaribu tena. Liuze, ligawe, likate vitambaa vya kupigia pasi. Sina sababu, ni kaka yako tu anaomba.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Mei

Kwako Kaka,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Wote wapo.

Jana tulikuwa na mkutano wa kampeni uwanja wa shule. Watu walijaa mpaka kwenye kuta. Muuza mkaa akasimama kuniuliza, tulipanga aulize yeye ili nipate pa kuanzia. Akasema, "Mgombea, mfereji wetu utaufanya nini?" Nilifungua mdomo kujibu kwamba nitaujenga kwa mikono yangu. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake nikakohoa. Mkono wangu ukapanda kifuani kutafuta ukosi, nami nilikuwa nimevaa gauni. Kisha nikajisikia nasema, "Suala lako tumelipokea, mama."

Wakapiga makofi, kaka. Wote. Muuza mkaa peke yake alibaki kasimama ananitazama. Yule mwanamke tumesukana nywele tangu tuko wasichana, sijawahi kumwita mama.

Nilimfuata Bucha kwenye duka lake la nyama. Unajua baada ya muda wake kuisha alirudi kwenye kisu chake, ila haongei na wateja, anakata tu. Nikamwomba aniambie ilikuwaje kuwa diwani. Aliendelea kukata. Nikamwambia, angalau nieleze mlizungumza nini barazani miaka yote ile. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akasema, "Sijui, dada. Sikuwepo." Nikasema lakini ulikuwa diwani wetu. Akasema, "Nilitoka nyumbani kwenda kuapishwa. Halafu nikawa nimesimama hapa na mke wangu amezeeka."

Koti sikulikata kama ulivyosema. Nilishika mkasi mara nyingi na kila mara nikajikuta nalipiga pasi. Leo mikono yake inaishia kwenye kifundo cha mkono wangu, pale pale panapotakiwa. Kitambaa kile hakirudi namna hiyo, mimi ni fundi, najua.

Na jioni nilipoingia nikamsalimu Mama, akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Karibu, baba. Mwanangu ametoka kidogo."

Naogopa, kaka. Mfereji nautaka bado, nautaka sana, juzi mvua imenyesha na viatu vya Mama vimeelea. Nikijitoa, hakuna mwingine atakayeusema. Nisipojitoa, sijui ni nani atakayekuwa anausema. Mwisho wa kujitoa ni mwisho wa mwezi huu. Wewe ndiye mkubwa wangu. Ukiniambia jitoe, najitoa siku hiyo hiyo.

Mdogo wako

*

Tarehe 25 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata leo. Jitoe.

Usingoje kumaliza kusoma. Nenda leo, sema unaumwa, sema mumeo amekukataza hata kama huna mume, sema lolote. Mfereji tutauzungumza baadaye, nitatafuta njia, tutamhamisha Mama. Mimi ndiye niliyekuambia simama, na sasa nakuambia kaa chini. Hapana, usikae. Rudi nyumbani.

Nimekupigia simu mchana wote. Mara ya mwisho ikapokelewa na mtu mzima mwenye sauti nzito, akakohoa, akasema utanipigia ukipata nafasi. Ni nani huyo? Mnyang'anye simu.

Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka. Nijibu neno moja tu, nitaelewa.

Kaka yako

*

Tarehe 30 Juni

Ndugu,

Tunatumaini u mzima na unaendelea vyema na majukumu. Sisi huku ni wazima.

Barua yako ya tarehe 25 Mei imetufikia baada ya muda wa kujitoa kupita. Hata hivyo tunakushukuru kwa ushauri. Uchaguzi umefanyika kwa amani na utulivu, na wananchi wa kata wameonyesha imani kubwa. Shughuli ya kuapishwa imekwisha fanyika, picha imeambatanishwa humu kwa kumbukumbu yako.

Kuhusu simu, tumefuatilia. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mama anaendelea vizuri na anakula. Mchakato wa mfereji umeanza, mafundi wamekwisha pima.

Tunakutakia kazi njema.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Julai

Kwako,

Sijui niandike jina gani hapa juu, nimeacha wazi.

Picha nimeiweka juu ya meza ya kupigia pasi na nimeitazama kwa siku nyingi. Uso ni wa mdogo wangu. Kidevu ni chake, hata ile alama aliyoipata alipoanguka kwenye ngazi. Koti limemkaa kama lilikatwa kwa ajili yake, na mkono umeshika ukosi. Wafanyakazi wenzangu wamesema dada yako anapendeza. Nimewashukuru.

Nataka nikuambie kilichonimaliza. Nimeisoma barua yako ya mwisho tangu juu hadi chini bila kukisia hata neno moja. Kila i imesimama wima na nukta yake kichwani. Maisha yangu yote sijawahi kuisoma barua ya mdogo wangu bila kukisia. Nikalia kwenye chumba cha mashuka, na mimi si mtu wa kulia.

Mwezi wa tisa nimepewa likizo. Nakuja. Sitaki udiwani wa mtu, sitaki mfereji, uendelee kubomoka mpaka kiama. Namtaka mdogo wangu, yule mwenye mdomo, anayenisema kwa niaba ya Mama halafu anasema nisimlaumu. Akiwa amechoka nitambeba. Akiwa amekasirika nitakaa chini nimsikilize.

Lakini kabla sijapanda ndege nataka kujua nakwenda kumwona nani. Nimewaza namna ya kuuliza, nikaona ipo moja tu ambayo haitanidanganya. Hii hapa, nimeiandika kwa mkono wangu na nimeona haya kuiandika:

Shikamoo.

Mimi ni mkubwa wake, tumetoka tumbo moja, nimemtangulia na nilimfundisha kutembea. Kama ni yeye anayesoma, atacheka mpaka aite majirani. Atasema kaka baridi imekupanda kichwani, atanitania kwa neno hili mpaka nife, na hataliitikia kamwe, hata kwa mzaha. Hiyo itanitosha. Nitakuja na mizigo ya zawadi na hatutazungumza tena habari hizi.

Nasubiri.

Kaka

*

Tarehe 3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Umefanya vizuri kusalimu. Wale wengine walikuwa na ndugu pia, lakini hakuna aliyewahi kuuliza kwa heshima, nami nisiposalimiwa huwa sijibu. Hayo ndiyo malezi.

Hatujambo. Mfereji umekwisha wote, kuanzia dukani mpaka barabara kuu, umejengewa kwa mawe na kufunikwa. Watu wanapita juu yake na watoto wanachezea hapo. Jana mvua imenyesha sana na mama yenu hakupandisha miguu kitandani. Amelala pakavu mpaka asubuhi. Ananiita baba, nami naitika, maana mtu mzima hapendi kubishiwa. Ilichukua muda kumpata mtu aliyelitaka jambo hili kiasi hiki. Wale wa kwanza walitaka kukaa tu.

Mwezi wa tisa karibu sana. Utapokelewa, utapewa chumba chenye dirisha, na tutakaa tuzungumze, mimi nawe, kama watu wazima. Usije na hasira, haitakusaidia na itamsumbua mama yenu.

Mdogo wako anakusalimu. Yupo hapa, hajambo, anasoma ninavyoandika. Anataka sana kuongeza neno chini ya barua hii. Nimemwambia kalamu ni moja.

Mzee wenu